Kiu ya Kailemia

Haya ni kweli tupu. Nayaandika nikiwa na akili timamu, miwani usoni na chai pembeni, na naapa kwa udongo ninaoulima kwamba sijaongeza chumvi hata punje. Najua sifa yangu hapa kijijini kwetu, juu kidogo ya mji wa Nchiru. Watawaambia kwamba mimi ndiye niliyesema nilimwona chui akivuka lami penye kivuko cha wanafunzi, akatazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Hilo nalo lilikaribia ukweli. Lakini hili la Kailemia ni jingine. Mtu alikufa, akazikwa mbele ya macho yetu, halafu akashikwa na kiu, na akaomba maji kwa kompyuta.

Naitwa Kithinji. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa mfungua maji wa mradi wetu. Maji yanashuka kwa bomba kutoka msituni, yanaingia kwenye tanki la saruji, na kutoka pale yanagawanywa kwa zamu: leo mashamba ya mstari huu, kesho ya mstari ule. Ukikosa zamu yako wakati wa kiangazi, kabichi zako zinalala chini kama walevi. Kwa hiyo mwenye spana ya valvu ni mtu mkubwa. Nilikuwa nasalimiwa na watu wasiowasalimia hata wakwe zao.

Halafu kamati ikanistaafisha. Wakanipikia chai ya maziwa, wakanivika blanketi, wakanipigia makofi, na mahali pangu wakamweka Kajuju na sanduku lake.

Kajuju ni binti wa hapa hapa kijijini. Anasoma mambo ya kompyuta chuo kikuu na amepanga chumba kwenye hosteli pale Nchiru. Sanduku lake lilifungwa ukutani mwa tanki, likatoa waya hadi kwenye kila valvu. Kwenye kompyuta ya ofisi ya mradi kulikuwa na faili moja linaloitwa zamu, lenye kueleza ni shamba gani lipate maji siku gani na valvu yake ifunguliwe vipi. Sanduku likishalisoma faili hilo, valvu inajifungua alfajiri bila mkono wa mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Kajuju ya kumalizia chuo. Mwalimu wake angekuja mwisho wa muhula kuiona. Akiikuta inafanya kazi, Kajuju anahitimu. Akikuta imeng'olewa, basi miaka yote ambayo mama yake aliamka kukamua ng'ombe wa watu ingekuwa imemwagika.

"Guka, usinune," aliniambia siku ile ya kwanza, akiniita babu kwa lugha yetu. "Njoo nikufundishe."

"Nani amenuna?"

"Basi kaa hapa, tuone kama utatabasamu."

Nikakaa. Akaniambia kwamba faili la zamu linalindwa na kitu kinachoitwa git. Nikauliza huyo git ni mtoto wa nani. Akacheka, akaeleza, na baada ya kusikiliza nikaelewa kwa njia yangu: git ni kama mama mkwe. Hasahau. Anakumbuka kila ulichobadilisha humo ndani tangu siku ya harusi, siku uliyokibadilisha, na sababu uliyoitoa.

"Ukitaka kujua kuna nini kimeguswa, unaandika git status," Kajuju alisema. "Hiyo ni kama kupiga hodi. Ukitaka kuchagua unachotaka kihifadhiwe, git add. Kisha git commit, hapo unakifunga na kuandika ujumbe mfupi wa kueleza ulichofanya, na jina lako linabaki. Halafu git push, unakituma kwenye ghala la mtandaoni. Sanduku la tankini linakwenda pale lenyewe, linachukua kwa git pull."

"Na mtu akikosea?"

"Git revert. Linarudi lilivyokuwa."

"Kosa linafutika."

"Halifutiki, guka. Git inaandika toba chini ya dhambi. Zote mbili utazisoma kwenye git log, na jina la mwenyewe."

Nilikwenda nyumbani nikajifunza zaidi kwa simu, peke yangu, jioni baada ya jioni, mke wangu akiniuliza kama nimepata mwanamke mwingine. Kamati walidhani ninajua kuwasha kompyuta na kuizima tu. Sikuona sababu ya kuwasumbua na ukweli.

Ofisi ile ilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikuwa kwa Kajuju. Mwingine uliachwa kwangu, mtu mzima wa kuaminika. Na ruhusa ya kutuma mabadiliko ilikuwa kwenye kompyuta ile ya ofisini peke yake, si pengine popote.

Sasa marehemu. Kailemia alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa mradi, mtu wa sauti kubwa na hatua ndefu. Kompyuta ilipoletwa, Kajuju aliandika jina la Kailemia ndani yake kwa heshima, kwa hiyo mabadiliko ya mwanzo yote yalihifadhiwa kwa jina lake. Kisha mzee akaugua, akafa mwanzoni mwa kiangazi. Tulimzika penye shamba lake kule bondeni. Kajuju akaliondoa jina lile, akaweka lake. Tukadhani yamekwisha.

Kiangazi kile hakikuwa cha kawaida. Upepo ulipanda kutoka upande wa Isiolo ukiwa mkavu na wa moto, na majani ya migomba yakakwaruzana mchana kutwa kama mtu anayenoa panga bila haraka. Ng'ombe walisimama wote wakitazama upande mmoja, upande wa bonde, na ukiwasukuma waende malishoni walikwenda huku wamegeuza shingo. Ndege walihama. Ukisimama tankini ulisikia maji yakitingishika ndani ilhali hakuna aliyeyagusa.

Asubuhi moja Celina akatokea ofisini amebeba kopo tupu. Huyu Celina ndiye aliyeshika uenyekiti baada ya Kailemia, jirani yangu wa siku nyingi, mwanamke ambaye hata kuku wake hutembea kwa adabu.

"Muga, Kajuju," akasalimia. "Leo ni zamu yangu."

"Muga, mama. Ndiyo, ni yako."

"Basi niambie kwa nini bomba langu linakohoa hewa."

Kajuju akafungua kompyuta. Nilikuwa nimeketi mlangoni nikichonga mpini wa jembe. Nilimwona akiandika git log, nikauona mgongo wake ukinyooka polepole, kama wa mtu aliyesikia nyoka nyuma yake.

"Kuna nini?" Celina akauliza.

"Kuna badiliko jipya. Zamu yako imeondolewa, maji yameelekezwa bondeni."

"Nani kafanya?"

Kajuju akaigeuza kompyuta ili Celina asome mwenyewe. Kwenye nafasi ya jina la mwandishi palisomeka Kailemia. Na chini yake, mahali pa ujumbe, maneno mawili: Nina kiu.

Tuliteremka bondeni sote watatu. Kwetu shamba la marehemu haliguswi mpaka watoto wake wakae chini wagawane, na watoto wa Kailemia walikuwa bado hawajakaa. Nyasi zilikuwa zimefunga njia. Mlango wa nyumba ulikuwa na mnyororo. Kila shamba tulilopita lilikuwa limepasuka kama kisigino cha mkulima, lakini la Kailemia lilikuwa jeusi kwa maji. Maji yalikuwa yametulia kwenye mtaro, bila wimbi, yakituangalia. Na kwenye tope lile lote hapakuwa na unyayo, si wa mtu, si wa mbuzi.

"Mtu amefanya mchezo," Celina akasema, lakini alisema kwa sauti ya chini.

Kajuju alinitazama mimi. "Guka, huna la kusema?"

"La kusema linatoka wapi, mwanangu? Mimi ni mtu wa spana."

Alirudi ofisini akaandika git revert, na zamu ikarudi kwa Celina. Lakini siku ile yake ilikuwa imeshapita, na miche yake ya kabichi iliyokuwa kitaluni ilianza kujikunja.

Siku kadhaa zikapita. Kisha likaja badiliko la pili. Alfajiri hiyo hatukuhitaji kuambiwa, tulilisikia. Bomba la bondeni lina mteremko mkali, na maji yaliposhuka kwa ghafla lilitoa mlio. Sijui niuelezeje. Ulianza kama ng'ombe anayezaa, ukapanda ukawa kama mtu mzima anayelia huku amefunika uso. Ulitambaa chini ya mashamba yetu, chini ya vitanda vyetu, na vikombe vikagongana rafuni. Mimi niliyelilea bomba lile nilihisi mlio ule kwenye meno.

Ofisini, git log ilikuwa na jina lile lile. Ujumbe ulisema: Bado nina kiu.

Na kule bondeni nduma, yaani magimbi, zilikuwa zimechipuka. Kailemia alikuwa na nduma zamani, zikakauka, zikasahauliwa ardhini. Sasa zilikuwa zimesimama kando ya mtaro, majani mapana ya kijani, makubwa kama masikio, yote yameinama kuelekea njia tuliyokuja nayo. Celina hakukanyaga pale. Alisimama ng'ambo akashika kifua.

Kamati ikakutana palepale chini ya tanki.

"Funguo ziko mbili," Celina akasema. "Wa Kajuju na wa Kithinji."

"Mzee Kithinji hawezi hata kutuma ujumbe wa simu bila kuita mjukuu," mtu mmoja akasema. Watu wakacheka. Nikacheka pia, kwa heshima ya kikao.

"Basi unabaki ufunguo mmoja," Celina akasema, na hakucheka. "Kajuju, nimekubeba mgongoni ukiwa mchanga. Sitaki kukuita mwizi wa maji. Lakini likitokea la tatu, sanduku linang'olewa, wewe unaondoka, na jina lako linapelekwa kwa chifu. Mkutano ni Jumamosi."

"Mama, mwalimu wangu anakuja mwezi huu."

"Najua. Na miche yangu imekufa mwezi huu."

Binti aliinamisha kichwa. Hapo moyo wangu ukafanya jambo ambalo moyo wa mzee haufai kufanya mbele ya watu. Nikaona lazima nimwokoe. Nikasimama, nikavua kofia.

"Mnamwonea mtoto," nikasema. "Nilikuwa nimeapa kutolisema hili. Nilimtembelea Kailemia hospitalini siku zake za mwisho. Alinishika mkono akasema: Kithinji, nipe maji ya bomba langu. Nikamletea ya chupa. Akageuza uso ukutani. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho hapa duniani."

Upepo ulipita kwenye mdomo wa tanki ukatoa sauti ya mtu anayepuliza chupa.

Basi, maneno ni kama moto wa nyasi. Nilitaka kuwasha mdogo wa kuota, nikaunguza kilima. Kabla ya jua kutua watu walikuwa wanapita mbali na bonde. Kesho yake nilikuta vikombe vya maji vimepangwa juu ya kaburi, vingine vya bati, vingine vya udongo, kimoja cha mtoto chenye picha ya sungura. Na kesho kutwa yake wanawake wakaanza kukataa maji ya bomba hata kwenye zamu zao. Walisema marehemu ameingia ndani ya sanduku la Kajuju na sasa yeye ndiye anayetugawia, na atakayekunywa atamfuata. Watoto walitumwa mtoni, mbali, kwenye maji ya kijani. Hakuna tena aliyemwita Kajuju mwizi. Walimwita yule msichana aliyemfungulia marehemu mlango. Alipopita, kina mama waliwavuta watoto wao ndani.

"Guka," aliniambia mlangoni mwa ofisi, macho mekundu, "wewe uliniambia maneno ya marehemu yataniokoa?"

"Sikukuambia. Nilifanya tu."

"Kwanza walitaka kuling'oa sanduku kwa sababu mimi ni mwizi. Sasa wanataka kuling'oa kwa sababu lina mzimu. Niambie tofauti ni nini."

Akasema anakwenda Embu, kwa Nelius, binti mkubwa wa Kailemia, anayeishi mtaa wa Dallas. Alitaka familia ijue jina la baba yao linafanyiwa nini kabla hawajalisikia sokoni. Aliondoka na gari la asubuhi, ufunguo wake akaukabidhi kwa Celina.

Nilifikiri, na mtafikiri pia: likitokea jingine wakati binti yuko Embu, nani atasema ni yeye?

Na likatokea.

Lakini la tatu halikulia. Hilo ndilo lililotutisha kuliko yote. Tulilala tumetega masikio, alfajiri ikafika, bomba likanyamaza. Nilitoka nje na wengine wakatoka, tukasimama kila mtu kwenye ua wake na blanketi begani, hakuna anayeita jirani. Ukungu ulikuwa umejaa bonde mpaka juu. Ulipoinuka tukaona maji. Yalikuwa yameingia shambani mwa Kailemia polepole, kwa upole, bila sauti yoyote, kama mtu anayerudi nyumbani kwake na kuvua viatu mlangoni. Yalikuwa yamejaza mtaro, yamezunguka nyumba, na yalikuwa yamefika kaburini. Vikombe vilikuwa vinaelea.

Celina alifungua ofisi kwa ufunguo wa Kajuju. Alimpigia binti simu, akaelekezwa namna ya kusoma. Ujumbe wa tatu ulisema: Mmenisahau.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa hadi madirishani. Mbele palikuwa na meza, juu yake kompyuta, na kando ya meza nyundo na nondo za kung'olea sanduku. Kajuju alikaa upande mmoja. Karibu naye alikaa Nelius, mwanamke mrefu wa hatua ndefu kama baba yake, aliyekuja kutoka Embu na uso usiouliza habari ya mtu. Mimi nilikaa katikati, mahali pazuri pa kuonekana nina huzuni.

"Hatuna maneno mengi," Celina akasema. "Kajuju alikuwa Embu. Si mwizi, na naomba radhi mbele yenu. Lakini kitu kilichomo kwenye sanduku hatukijui. Wazee wanasema liondoke leo."

"Liondoke," watu wakaitikia.

"Mama, nikubalie nisome mistari miwili," Kajuju akasema. "Mkishaisikia, nondo ziko hapo."

Celina akaitikia kwa kichwa.

"Git ina amri inayoitwa git diff," Kajuju akasema. "Inaweka la zamani na jipya pamoja, uone nini kimetolewa na nini kimewekwa. Nimeitumia kwenye yale mabadiliko matatu. La kwanza na la pili, marehemu alibadilisha siku tu. La tatu alibadilisha siku, na akabadilisha jinsi valvu inavyofunguliwa. Mstari niliouandika mimi ulisema: fungua yote. Huo ameutoa. Akaweka huu." Alisogeza uso karibu na kioo. "Fungua robo, subiri. Fungua nusu, subiri. Fungua yote."

Celina aliinama juu ya kompyuta. Sikupenda namna alivyoinama.

"Soma tena," Celina akasema.

Akasoma tena.

"Baba yangu hakuwahi kusubiri kitu," Nelius akasema. "Hata uji alikunywa ukiwa wa moto ili aondoke."

"Kailemia alishika valvu mara moja maishani mwake," Celina akasema taratibu, macho yake yakiwa bado kwenye kompyuta. "Siku ya ufunguzi wa mradi. Aliifungua yote kwa mkupuo, bomba likapasuka, likamwogesha padri." Watu wachache wakaguna kwa kukumbuka. "Tangu hapo hakuruhusiwa kuligusa. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuligusa. Nimelala jirani yake maisha yangu yote ya ndoa. Kila alfajiri nilimsikia akifungua robo, anasimama, anafungua nusu, anasimama. Nikimwuliza kwa nini, ananiambia bomba ni kama mke, ukilishtua litapiga kelele."

Vichwa vikaanza kugeuka. Nilikagua paa la kanisa. Linahitaji mabati mapya upande wa kaskazini.

"Kithinji," Celina akasema.

"Huenda amejifunza huko aliko," nikasema. "Wana muda."

Mtu kule nyuma akacheka kwa pua. Nelius hakucheka. Alisimama.

"Mzee, umesema baba alikushika mkono hospitalini akaomba maji."

"Ndivyo nilivyoelewa."

"Baba hakufia hospitalini. Alikufa kitandani kwangu, Dallas, amelala, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Na wewe hukufika. Ulituma salamu."

Nikasema kwamba wakati mwingine mtu hufika kwa moyo. Hiyo nayo haikupokelewa.

"Git haiulizi kitambulisho," Kajuju akaeleza watu. "Jina unaliandika mwenyewe kwa git config, na inakuamini. Ukiandika Kailemia, wewe ni Kailemia. Ukimaliza unarudisha jina langu, mtu asijue. Nilimfundisha guka mimi mwenyewe amri hiyo." Kisha akanigeukia. "Nilishuku tangu siku ya kwanza, guka. Nilikuuliza kule bondeni kama huna la kusema. Nilikungoja."

"Kwa nini hukutuambia?" Celina akamwuliza.

"Ningekuambia nini, mama? Funguo mbili, mmoja wangu. Angesema yeye ni mtu wa spana na nyote mngecheka. Mlicheka."

"Lile la pili lililia," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Ulimi wangu ulitoka peke yake kama mbuzi aliyekata kamba. "Kwenye mteremko ule huwezi kufungua yote mara moja. Mlisikia lilivyolia. Kiungo cha chini kingepasuka, na hamna kingine."

Hapo ndipo kilichobaki cha uongo wangu kilipolala chini.

Celina alivuta kiti akakaa mbele yangu, karibu, magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Ulitaka tuje kwako," akasema. "Tuje na spana yako tukubembeleze."

Nilitazama kofia yangu.

"Ungesema tu unaona upweke, wewe mtu. Badala yake umeua miche yangu, umewatoa watoto wakanywe matope, umemfanya huyu binti mchawi, na umemwekea marehemu maneno mdomoni."

Wazee watatu wa mbele waliinamiana, wakanong'ona, wakainuka. Hawakuchukua muda, maana desturi iko wazi: anayemsemea marehemu uongo huwapa watu wake kondoo dume aliyenona, achinjwe nyumbani kwa marehemu, na mkosaji awepo na aseme mbele ya wote kwamba maneno yalikuwa yake. Zamu yangu ya maji ya kiangazi chote akapewa Celina. Nondo zikatolewa nje. Sanduku likabaki ukutani.

"Na hii," Kajuju akasema, akinisogezea kompyuta. "Hii huifanyi ukiwa Kailemia."

Watu walisogea wakanizunguka, wengine wakapanda mabenchi. Vidole vyangu vilikuwa vizito. Niliandika git config, nikaliweka jina langu, Kithinji, herufi moja baada ya nyingine. Nikaandika git revert. Kompyuta ikaniuliza ujumbe.

"Niandike nini?"

"Ulichofanya," Nelius akasema.

Nikaandika: Nilikuwa mimi. Kailemia hakuomba kitu. Kisha git push, nikabonyeza, ikaenda, na kuanzia siku ile mtu yeyote akitaka kusoma habari za maji yetu ataikuta hapo hata nikiwa mimi ndiye niliye chini ya udongo.

Nilidhani wataniacha nikanywe chai. Lakini Celina alikwisha kutoka nje, na nilipofika nyumbani nikamkuta amesimama zizini kwangu na kamba mkononi, Nelius kando yake, nusu ya kijiji wakiwa wameegemea uzio.

"Ni yupi?" akauliza.

Nikamwonyesha mmoja aliyesimama pembeni.

"Huyo ni mgonjwa, Kithinji."

"Ana mafua kidogo tu."

Walinitazama tu, wote. Basi nikaingia zizini, nikampita yule mwenye mafua, nikamshika pembe yule mnene mweupe niliyekuwa nimemtunzia Krismasi, nikamfunga kamba mwenyewe na kumkabidhi Nelius.

"Huyu," nikasema.

"Robo, subiri," mtu akasema kule uzioni, na wakacheka mpaka kondoo akashtuka.